Mibembeo Ishirini

Jumanne hiyo, kipindi cha nne, dunia iliongeza nguvu zake za kuvuta vitu, na hakuna aliyelijua hilo isipokuwa wanafunzi thelathini na wanane wa kidato cha nne pamoja na mwalimu wao wa fizikia. Vitabu vyote vinakubaliana kwamba namba ya mvutano wa dunia ni tisa nukta nane. Wao walipata kumi nukta tisa. Wakarudia, wakapata kumi nukta nane. Wakarudia tena, mwalimu ameshika kiuno, wakapata kumi nukta tisa.

Mwalimu huyo wanafunzi walimwita Desimali, kwa kuwa ukisahau nukta moja alikukata maksi kana kwamba umemwibia mfukoni. Alikuwa amefunga uzi wa mita moja kwenye ndoano ya dari ya maabara, na mwisho wa uzi akaning'iniza gololi ya chuma. Kazi yenyewe ni nyepesi. Unaivuta gololi pembeni kidogo, unaiachia, inabembea. Kwenda na kurudi ni mbembeo mmoja. Unahesabu mibembeo ishirini, unasoma muda kwenye stopwochi, unapiga hesabu, unapata tisa nukta nane, unakwenda kula. Mtihani wa taifa wa vitendo ulikuwa Jumanne inayofuata, na Desimali alikuwa ameapa kwamba swali la kubembea halikosi.

Stopwochi zilikuwa nane, kila kundi na yake. Mhesabuji alikuwa mmoja tu, msichana wa dawati la mbele aliyeitwa Kengele tangu darasa la pili kwa sababu ya sauti yake: akisema "shikamoo" hapa, nyumba ya tatu wanaitikia. Zamani kila kundi lilijihesabia, ikawa ugomvi mtupu, huyu yuko kumi na tatu, yule kumi na tano. Desimali akaamua Kengele ahesabu kwa niaba ya wote. "Moja!" akapasua sauti, gololi ikaachiwa na vidole vinane vikabonyeza. "Ishirini!" vikabonyeza tena. Stopwochi zote zikasema sekunde thelathini na nane na ushee. Desimali alitaka arobaini.

"Labda hapa shuleni dunia inavuta zaidi," alisema mmoja wa nyuma. "Ndiyo maana asubuhi kutoka kitandani ni kazi."

Desimali hakucheka. Alizipanga stopwochi mezani, akaziangalia mojamoja kama askari anayetafuta mwizi kwenye gwaride.

"Zinachelewa," alisema. "Zote nane. Zimesafishwa lini hizi?"

Darasa zima likageuza shingo kwa Kengele. Kila mtu alijua zilisafishwa mwezi uliopita, na kila mtu alijua na nani, kwa sababu Kengele mwenyewe ndiye aliyezibeba kutoka kibandani kwa baba yake na kutangaza, kwa sauti ile ile, kwamba fundi amezifungua zote hadi skurubu ya mwisho.

"Kumbe wapo mafundi wa kutengeneza na mafundi wa kuharibu," alisema yule wa nyuma, na kicheko kikaanza kupanda dawati hadi dawati.

Masikio ya Kengele yakawaka moto. Mtu akichekwa ana njia mbili: avumilie, au awape wenzake kitu kingine cha kuchekea. Kengele hakuwa na kipaji cha kuvumilia.

"Baba siku hizi macho yamemchoka," alisema. "Gazeti analisoma hivi." Akanyoosha mikono yote miwili mbele, akarudisha kichwa nyuma, akakunja uso, midomo ikichezacheza. Alimpatia baba yake barabara. Darasa likaanguka kwa kicheko, hata Desimali akauma mdomo, na Kengele akapona. Uongo wenyewe haukuwa mwingi. Ni kweli gazeti baba yake alilisogeza mbali. Lakini saa hakuzitengeneza kwa gazeti. Alizitengeneza kwa lenzi aliyoibana jichoni, na kwa lenzi hiyo aliona vumbi ambalo Kengele mwenye miaka kumi na saba hakuliona.

*

Kibanda cha Fundi Saa kilibanwa kati ya muuza viatu na duka la simu, na kati ya majirani hao wawili, duka la simu ndilo lililokuwa adui. Tangu watu waanze kuulizia wakati mfukoni, saa za mkononi zilibaki kwa wazee, mabwana harusi na watu wenye madaha. Kazi ya shule ilikuwa ya kwanza baada ya miaka mingi kumletea saa nane kwa mpigo. Siku aliyoipata, alichukua kipande cha mbao na rangi nyeupe, akaandika juu ya mlango: FUNDI WA SHULE. Muuza viatu akamwuliza kama ameajiriwa serikalini. Fundi Saa akasema mambo ya Mungu huanza kidogokidogo.

Jumatano aliitwa shuleni. Alikuja na shati lake la kwendea misibani, akapita uwanjani mbele ya madarasa akimwamkia kila aliyemwona, hata watoto wa kidato cha kwanza. Kengele alimwona kupitia dirishani, akajifanya anatafuta kalamu chini ya dawati. Alipoinuka baba yake alikuwa ameshaingia maabara, ng'ambo ya uwanja, amesimama mbele ya Desimali.

Maneno hayakusikika, lakini mikono ilionekana. Baba alishika stopwochi mbili, moja kila mkono, akizilinganisha, akieleza kitu kwa utulivu kama anavyoeleza wateja wake. Alikuwa anabisha, Kengele alijua, kwa sababu akibisha baba yake huinua kidole cha mwisho. Kisha Desimali, aliyelipa dirisha mgongo, akasema jambo fupi. Kidole kikashuka. Fundi Saa akatikisa kichwa kukubali, akaanza kuzitia stopwochi kwenye mfuko mojamoja, akizifunga kwenye kitambaa. Alipotoka hakumwamkia mtu.

"Mzee kakubali kosa," alinong'ona jirani wa Kengele. "Ni muungwana, lakini."

Kengele alitaka kufurahi kwamba mambo yamekwisha kwa amani. Furaha haikuja.

*

Maneno ya shule hayakai shuleni. Wanafunzi thelathini na wanane wana wazazi, na wazazi wana saa. Alhamisi mwenye duka la dawa alikuja kuchukua saa yake kabla haijaguswa, akasema ana safari. Muuza viatu alimwona jioni hiyo hiyo amekaa dukani kwake, safari haijaondoka. Ijumaa mama mmoja alileta saa ya ukutani, lakini kabla ya kuitoa mfukoni alimwonyesha Fundi Saa vidole vitatu na kumwuliza ni vingapi.

"Vitatu," alisema Fundi Saa. "Na kucha ya katikati umeikata vibaya."

Mama akacheka, lakini saa akaondoka nayo.

Nyumbani hakusema mengi. Mfuko wa stopwochi aliuning'iniza kwenye msumari nyuma ya mlango. Mkewe, muuza mayai ya jumla, alikuwa ameketi sakafuni katikati ya makasha yake, akiyapanga mayai kwenye trei za thelathini thelathini.

"Baba Kengele, hizo saa hutazifungua? Si wanazitaka Jumatatu?"

"Nimeshazitazama."

"Umezitazama lini? Tangu juzi ziko msumarini."

"Nimesema nimeshazitazama, mama."

Kaka yake mkewe alifika saa ya chakula, kama desturi yake, kwa kuwa pua yake haikuwahi kumdanganya. Huyu mjomba alikuwa msimamizi wa walinzi kwenye ghala la saruji, na kwa miaka mitatu alikuwa akimbembeleza shemeji yake aachane na kibanda. Ijumaa hiyo alikula sahani mbili kwanza, kisha akafungua mkutano.

"Shemeji, geti la nyuma limebaki wazi. Mlinzi wake amestaafu. Kazi ni kukaa, kuandika namba za malori, kufungua na kufunga. Haihitaji macho makali."

Mama akamkanyaga mguu chini ya meza. Alikosea, akamkanyaga Kengele.

"Nitakuja kesho unionyeshe," alisema Fundi Saa.

Mjomba, aliyekuja na hoja sita, alibaki na tano mkononi hana pa kuzipeleka.

"Baba, na kibanda?" aliuliza Kengele.

"Kibanda nacho kimezeeka, mwanangu. Fundi asiyeaminiwa ni mtu tu mwenye bisibisi." Akasukuma sahani mbele. "Wewe soma. Mambo ya geti si ya mtihani."

Kengele akafungua kitabu. Ukurasa ulisema mvutano wa dunia ni tisa nukta nane, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kusoma fizikia aliutazama ukurasa kwa chuki. Alijua baba yake hakuwa amezeeka Jumatatu. Alizeeka Jumatano.

*

Jumamosi Fundi Saa alikwenda kuonyeshwa geti. Kengele alibaki na mama, na makasha ya mayai, na uzi. Alikata uzi wa mita moja, akaufunga juu ya mlango wa jikoni, na kwa kuwa hakuwa na gololi akatundika kufuli. Kisha akautoa mfuko msumarini.

Alifungua kitambaa. Stopwochi zilikuwa safi, vioo vinang'aa, na hakuna alama ya mtu kuzigusa wiki hii. Basi akafanya alichopaswa kukifanya mwanafunzi wa fizikia tangu Jumanne, badala ya kuigiza watu. Akapiga hesabu. Kama saa inapoteza sekunde mbili katika arobaini, kwa saa nzima itapoteza dakika tatu. Dakika tatu huzioni kwa lenzi, unaziona kwa macho makavu. Akawasha stopwochi moja, akaiweka chini ya saa ya ukutani ambayo baba yake aliirekebisha kila Jumapili kwa redio, akaenda kuosha vyombo.

Saa nzima ilipotimia, stopwochi na saa ya ukutani zilikuwa zimeshikana mikono. Hakuna dakika tatu. Hakuna hata sekunde mbili.

"Mama, hii ni nzima!"

"Nini nzima? Usinichanganye, nimefika kumi na tisa."

Kengele akairudia kazi ya darasani. "Moja!" akaiachia kufuli. "Ishirini!" Thelathini na nane. Zile sekunde mbili zimekwenda wapi tena? Akahesabu hadi kumi tu, akitegemea hasara iwe nusu: kama saa ndiyo inayochelewa, katika muda mfupi itapoteza kidogo. Ilipaswa kusema ishirini. Ikasema kumi na nane. Akahesabu tano. Ilipaswa kusema kumi, ikasema nane. Hesabu ndefu, hesabu fupi, sekunde mbili zilikosekana vilevile. Sekunde mbili ndiyo safari moja ya kufuli, kwenda na kurudi. Kuna safari moja mtu anaiba.

"Moja!" alianza upya, na kufuli ikaondoka.

"Wewe mtoto," alisema mama yake kutoka sakafuni, yai mkononi. "Mimi hiyo fizikia yenu siijui. Lakini kwa nini unamlipa kibarua kabla hajashika jembe?"

"Kibarua gani?"

"Si hiyo kufuli yako. Ndiyo kwanza unaiachia, haijatikisika, umeshasema moja. Moja ya nini?"

"Ndivyo tunavyohesabu mayai, mama. Ulinifundisha mwenyewe."

"Yai likishakuwa mkononi ni yai. Naliona, nalihesabu. Hicho kitu chako kimekwenda wapi? Hakijaenda, hakijarudi." Akaliweka yai kwenye trei, polepole. "Mteja ningemhesabia hivyo, angelipa thelathini akapewa ishirini na tisa, na angenifuata hapa na polisi."

Kengele alisimama na uzi mkononi. Alikuwa amehesabu mayai na mama yake tangu hajafika kimo cha meza. Moja, mkono umeshika. Mbili, mkono umeshika. Akaihamishia desturi hiyo kwenye gololi bila kuomba ruhusa, na kwa kuwa sauti yake ilikuwa kubwa kuliko ya wote, darasa zima likamfuata shimoni. Alivuta kufuli pembeni.

"Sifuri," alisema kwa sauti ndogo, akaiachia. Ilipokwenda na kurudi, akasema moja. Ilipofika ishirini, stopwochi ilisoma arobaini na kidogo. Hakuhitaji hata karatasi. Tisa nukta nane.

Mama yake akacheka hadi akalazimika kuweka yai chini. "Darasa zima! Na mwalimu ndani! Kumbe mngekuja kwangu niwafundishe kwa trei!" Kisha kicheko kikamkauka. "Na baba yako yuko huko anapimishwa koti la mlinzi."

Kengele akaketi kizingitini, kufuli ikiendelea kubembea juu ya kichwa chake. Saa zilikuwa nzima tangu mwanzo. Kosa lilikuwa lake, lina sauti yake, lilitoka kinywani mwake mara tatu mbele ya watu. Na juu ya kosa akaongeza maigizo.

Fundi Saa aliporudi jioni na koti la kaki begani, kubwa kwake kwa namba mbili, Kengele alimweleza yote ya kuhesabu: moja, sifuri, sekunde mbili, mayai. Alieleza haraka, akitazamia baba yake aruke, au amwite mkewe, au angalau aseme "niliwaambia mimi!" Ya kuigiza hakuyasema. Yaligoma kutoka.

Fundi Saa alisikiliza hadi mwisho. "Vizuri," alisema. "Jumatatu uwaambie wenzako mapema, wasije wakapoteza maksi."

"Na geti, baba?"

"Nimeshatoa neno." Akatundika koti kwenye msumari ule ule wa mfuko. "Nenda ukale, mwanangu. Una mtihani."

*

Jumatatu asubuhi Kengele alinyoosha mkono kabla Desimali hajaweka chaki chini. Aliomba aje mbele. Akazirudisha stopwochi nane mezani, na Desimali akaziangalia kwa mashaka.

"Fundi amezirekebisha?"

"Hakuna cha kurekebisha, mwalimu. Ni mimi niliyekuwa nahesabu vibaya. Nilikuwa nasema moja wakati wa kuachia."

Wale wenye akili nyepesi walianza kupiga hesabu kwa vidole chini ya madawati, na nyuso zao zikabadilika moja baada ya nyingine. Desimali alifumba macho kidogo. Alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwenye gololi hiyo mara tatu, ameshika kiuno, akisikiliza kila namba.

"Onyesha," alisema.

Kengele akaonyesha. Sifuri, moja, hadi ishirini. Saa nane zikasema arobaini na kidogo, zote kwa pamoja, kama watoto waliofunzwa adabu na mama mmoja. Desimali akaandika 9.8 ubaoni, akaweka nukta yake kwa chaki nzito.

"Basi dunia imetuonea huruma," alisema yule wa nyuma.

Walicheka. Kengele alibaki amesimama, kwa sababu nusu ya mzigo ilikuwa bado. "Na macho ya baba yangu ni mazima," alisema, na sauti yake iliyozoeleka nyumba ya tatu safari hii ilifika dawati la tatu tu. "Yale niliyofanya yalikuwa maigizo."

Hakuna aliyecheka hapo. Desimali alikohoa, akasema atampitia fundi amwombe radhi, kwa ile sauti ya mtu anayesema atapitia siku moja. Kisha akawaamuru wote waseme "sifuri" mara tatu kwa pamoja. Darasa la jirani likagonga ukuta kulalamika.

*

Swali la kubembea lilitoka, Desimali akabaki na kiapo chake salama. Msimamizi aliyeletwa kutoka kwingine alipita kati ya meza akishangaa kwa nini shule hii kila mtahiniwa ananong'ona neno moja kabla ya kuachia gololi. Alidhani ni dua. Kengele alipata tisa nukta nane moja, akaikagua nukta yake mara mbili, akasaini, akatoka. Wenzake walikusanyika uwanjani kulinganisha majibu na kulia mapema. Yeye hakusimama. Alikwenda moja kwa moja kibandani.

Dirisha la kibanda lilikuwa limeshushwa nusu. Ubao wa FUNDI WA SHULE umeondolewa, umeegemezwa ukutani uso wake ukitazama ndani. Fundi Saa alikuwa anamalizia saa moja, ya mteja wa mwisho, lenzi jichoni. Mjomba amekaa kwenye kigoda cha wateja, koti la kaki amelilaza mapajani kama mtoto mchanga, akitikisa mguu.

"Shemeji, zamu inaanza saa kumi. Wenzako hawachelewi."

"Nafunga kifuniko tu." Bila kuinua kichwa akauliza, "Umemaliza, mwanangu?"

"Nimemaliza."

"Imekuja ya kubembea?"

"Imekuja. Nimepata tisa nukta nane moja."

"Hiyo moja umeitoa wapi?" aliuliza mjomba kwa wasiwasi.

Kengele alishika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili. "Baba, kuna jambo sikukuambia Jumamosi. Siku ile darasani, waliponicheka, nilisema macho yako yamechoka. Nikasema... nikaonyesha jinsi unavyosoma gazeti."

Fundi Saa akaweka kibanio chini. Akanyoosha mikono yote miwili mbele, akarudisha kichwa nyuma, akakunja uso, midomo ikichezacheza. "Hivi?"

Kengele akauachia ukingo wa dirisha.

"Mwalimu wako alinionyesha," alisema Fundi Saa, akishusha mikono. "Kwa kweli unanipatia. Hasa midomo."

"Ulijua? Tangu Jumatano?"

"Tangu Jumatano."

"Na saa je? Ulijua ni nzima?"

"Saa nilijua ni nzima kabla sijavuka uwanja wenu. Saa nane haziugui ugonjwa mmoja siku moja, mwanangu. Kila saa ina kisirani chake: hii inakimbia, hii inasinzia. Zikikubaliana zote, kosa liko nje ya saa. Nilikuwa namweleza mwalimu hilo, na alikuwa anaanza kunielewa. Ndipo akaniambia, 'Fundi, usibishe, hata binti yako amekiri mbele ya darasa.'" Akapangusa bisibisi ambayo haikuwa na vumbi. "Sasa nijibu nini? Nikisema saa ni nzima, nimesema mtoto wangu mwongo. Mbele ya mwalimu wake, na wiki ya mtihani. Nikaona heri macho yangu ndiyo yawe mabovu."

Mjomba aliacha kutikisa mguu.

"Lakini nyumbani, baba! Ungeniita. Ungenigombeza. Hukuniambia hata neno moja."

"Ulikuwa na mtihani."

Alilisema kama mtu anayesema mvua ilikuwa inanyesha. Kengele akalia hapo dirishani, kilio cha wazi, bila kuficha uso, na machozi yakamdondokea kwenye sare hadi kwenye nembo ya shule. Aliona aibu ya wiki nzima ikimrudia mara moja: shati la msibani, vidole vitatu vya yule mama, saa ya mwenye duka la dawa, koti kubwa kwa namba mbili. Vyote hivyo baba yake alivibeba mgongoni kimya ili yeye alale usingizi na aamke asome. Akafuta pua kwa mkono.

"Sasa sina mtihani," alisema. "Nigombeze."

Fundi Saa akamtazama. Akaitoa lenzi jichoni, akailaza kwenye kitambaa. Akasukuma dirisha la kibanda juu hadi mwisho, mwanga ukaingia wote.

"Simama vizuri," alisema.

Akamgombeza. Hakupiga kelele, lakini hakuruka kitu. Alianza na mtu anayehesabia wenzake bila kujua anachohesabu, akaja kwa mtu anayemuuza baba yake kwa kicheko cha dakika moja, akapita kwa wateja mmoja mmoja kwa majina ya saa zao, akamwuliza miaka ishirini na minne ya kazi ni kitu cha kuigizwa kwa midomo? Mwenye duka la simu alitoka mlangoni. Mwenye duka la dawa alipunguza mwendo barabarani, mkono wenye saa akautia mfukoni.

"Shemeji," alinong'ona mjomba, "watu wanasikia."

"Wasikie."

Mjomba akaliangalia koti mapajani, akalikunja upya, polepole, safari hii mkunjo wa mtu anayeondoka nalo.

"Nani alikosea kuhesabu?" aliuliza Fundi Saa.

"Mimi, baba."

"Saa zilikuwa na nini?"

"Hazikuwa na kitu."

"Na macho yangu?"

Muuza viatu alisimamisha brashi yake hewani ili asikie vizuri. Kengele akavuta pumzi, na sauti aliyozaliwa nayo ikamrudia yote, ikajaza kibanda, ikavuka barabara.

"Mazima, baba! Macho yako ni mazima! Ni mimi, baba, ni mimi!"